Mavazi ya wanaume yafuate majira ya kwetu

Julai iliyopita, siku ya soko, nilisimama mbele ya kibanda cha mitumba hapa Ruiri nikitafuta sweta ya kuvalia ndani ya koti. Mawingu yalikuwa yameufunika Mlima Kenya tangu alfajiri, na upepo ulivuma bila huruma, ukichota vumbi la barabarani na kulimwaga juu ya nguo zilizotundikwa. Kando yangu alisimama kijana mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, aliyevaa suti ya rangi ya samawati iliyopauka. Kitambaa chake kilikuwa chepesi kama pazia, suruali iliishia juu ya vifundo vya miguu, na ndani ya viatu hamkuwa na soksi. Mikono alikuwa ameificha kwapani na meno yalikuwa yakigongana. Hata hivyo, alikuwa akichagua suti nyingine ya aina iyo hiyo.

"Mwalimu, huoni baridi?" nilimuuliza.

"Naiona, mzee," alinijibu kwa adabu, "lakini huu ndio mtindo wa msimu huu."

Jibu hilo nilikwenda nalo nyumbani, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana yule hakusema uongo. Suti aliyovaa ilikuwa kweli ya msimu, ila msimu wenyewe ulikuwa wa Italia. Huko, Julai ni kilele cha joto, na suti nyepesi isiyo na soksi ni vazi la mtu mwenye busara. Kijana alikuwa amevaa ipasavyo kwa mtu anayetembea katika barabara za Florence. Bahati mbaya ni kwamba alikuwa amesimama Ruiri, na Julai ya Ruiri ni kipupwe.

Msomaji asidhani kwamba naandika ili kumdhihaki kijana huyo. Katika jambo hili la mavazi na majira, mimi mwenyewe nina deni la zaidi ya miaka thelathini, na nitalieleza hapa chini. Kwanza, hata hivyo, yafaa tujiulize huo msimu unaozungumzwa na wauza nguo ni msimu wa nani.

MISIMU YA WENYEWE

Katika nchi za Ulaya mwaka hugawika sehemu nne, na kila sehemu ina hali yake ya hewa. Wafanyabiashara wa mavazi wamezikusanya sehemu hizo nne wakazifanya mbili: nguo za joto na nguo za baridi. Katika mji wa Florence hufanyika maonyesho makubwa ya mavazi ya wanaume yaitwayo Pitti Uomo, mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni. Milan na Paris nazo huonyesha mavazi ya wanaume katika miezi iyo hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba makoti yanayoonyeshwa Januari si ya baridi ya Januari hiyo. Ni ya baridi itakayokuja mwishoni mwa mwaka. Vivyo hivyo, mashati mepesi ya Juni ni ya joto la mwaka unaofuata. Wenye maduka huhitaji miezi kadhaa ya kuagiza, kushona na kusafirisha.

Kwa hivyo asili ya msimu wa mavazi ni jambo la maana kabisa: theluji ikianguka, mtu asipovaa koti zito ataugua. Lakini biashara haikutosheka na theluji. Koti zuri la sufu laweza kumstahi mwanamume kwa miaka kumi na mitano, na mwenye duka hawezi kungoja muda wote huo. Basi mwaka huu ukosi unapanuliwa, mwaka ujao unapunguzwa. Suruali zinabana, kisha zinapwaya, kisha zinabana tena. Sisi tuliokuwa vijana tuliziona suruali za bugaluu zikifagia barabara katika miaka ya 1970, tukaziona zikichekwa, na sasa wajukuu wetu wanazirudia suruali pana wakidhani wao ndio waliozivumbua. Hapo ndipo msimu ulipoacha kuwa habari ya hewa ukawa habari ya mfuko. Wahenga walilijua hilo waliposema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sisi tunaoishi upande huu wa Mlima Kenya hatuna theluji mlangoni, ingawa tunaiona kileleni. Majira yetu ni mengine. Januari na Februari ni kiangazi kikali. Kuanzia Machi hadi Mei huja mvua za masika, na Oktoba hadi Desemba huja mvua za vuli, ambazo wakulima wengi wa mashariki ya nchi huzitegemea zaidi. Kati ya Juni na Agosti ni kipupwe. Watu wa pwani wanaufahamu upepo wa kusi uvumao katika miezi hiyo. Upepo huo huleta unyevu kutoka baharini, na unapofika nyanda za juu unyevu huo hulala angani kama blanketi la mawingu ya chini, hata jua likashindwa kupenya hadi alasiri. Kila mwaka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutukumbusha tujiandae kwa baridi hiyo.

Tena Ruiri imekaa mahali pa aina yake. Ukiteremka kuelekea Isiolo, safari si ndefu kabla ya kulivua koti na kulibeba mkononi. Ukipanda kuelekea Timau, utatamani la pili juu ya lile la kwanza. Mfanyabiashara anayenunua viazi upande mmoja na kwenda kuviuza upande wa pili hupita katika majira mawili kwa siku moja. Mtu kama huyo atafuata msimu gani wa Florence?

NGUO ZINAVYOTUFIKIA

Wengi wetu huvaa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Zamani nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe hangeiacha suti nzuri kama angekuwa hai. Serikali ilipoyalegeza masharti ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota ya mitumba yaliingia nchini kwa wingi usio na mfano. Robota la kawaida lina uzito wa kilo 45. Hushushwa Mombasa, hupelekwa soko la Gikomba jijini Nairobi na masoko mengine makubwa, kisha hufunguliwa, na zile nguo bora, ambazo wauzaji huziita kamera, huchaguliwa kwanza na wenye maduka ya mijini. Zinazobaki husafiri kwenda masoko madogo kama letu. Za mwisho kabisa, zilizochakaa, huitwa fagia.

Tazama basi ajabu ya safari hiyo. Mwanamume wa Ulaya hulitoa koti lake baridi inapokwisha. Koti hupangwa, hufungwa, huvuka bahari, na hufika wakati wowote linapojaliwa kufika. Huenda likafika katika kipupwe chetu na kutufaa, na huenda likafika Februari, wakati hata mbuzi wanatafuta kivuli. Mwenye kibanda hununua robota kwa jina lililoandikwa nje, na kilichomo ndani hukijua baada ya kulipa.

Hata hivyo, watu wetu hawakukaa kimya mbele ya bahati nasibu hiyo. Watazame vijana wa bodaboda asubuhi ya Julai. Huzichukua zile jaketi nene zilizotengenezewa nchi za theluji, wakazivaa nyuma mbele, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani, ili upepo usipenye kwenye zipu. Kichwani huvaa boshori. Anayetoka mbali anaweza kucheka. Mimi sicheki, kwa kuwa huo ni mtindo uliozaliwa hapa, ukatokana na upepo wa hapa na kazi ya hapa. Hakuna aliyewaonyesha kwenye simu. Ni mtindo wa msimu kwa maana halisi ya maneno hayo mawili.

Tena tunayo misimu mingine ya mavazi ambayo haimo katika kalenda ya Milan. Mvua za Oktoba zikianza, soko hujaa buti za mpira na makoti ya mvua. Desemba ni mwezi wa mashati mapya ya Krismasi na suti za harusi. Ni pia wakati wa vijana kutoka jandoni. Kijana wa Kimeru aliyetahiriwa hununuliwa nguo mpya, kwa kuwa zile za utoto ameziacha pamoja na utoto wenyewe, na mtaani utamtambua kwa namna anavyotembea ndani ya suruali ndefu iliyopigwa pasi. Januari ni zamu ya sare za shule, na hapo ndipo mzazi hujua kama Krismasi yake ilikuwa ya busara.

Kuna wakati ambapo hata kitambaa chenyewe kilikuwa cha kwetu. Ng'ambo ya mlima, mjini Nanyuki, kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mount Kenya. Eldoret kulikuwa na Rivatex, na Kisumu kulikuwa na Kicomi. Viwanda hivyo vilianguka kimoja baada ya kingine, kwa sababu ya usimamizi mbaya, pamba iliyokosa bei na mkulima aliyekata tamaa, na mwishowe mafuriko ya mitumba na vitambaa vya bei rahisi kutoka nje. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 na kufunguliwa upya mwaka wa 2019. Mwaka huo wa 2019 watumishi wa umma walihimizwa wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa. Nia ilikuwa njema. Lakini nguo haivaliki kwa amri pekee.

Historia ya jirani zetu inathibitisha hayo. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969, na miongoni mwa nguo zilizopigwa marufuku zilikuwamo suruali za kubana. Leo suruali hizo huvaliwa Dar es Salaam bila mtu kugeuza shingo. Zaire, Rais Mobutu aliwakataza wanaume suti na tai za kizungu akawavika abakosti, koti lisilo na tai. Mwaka wa 1990, mwezi wa Aprili, alipolegeza utawala wake, tai zilirudi shingoni. Kwetu Kenya mambo yalikwenda kinyume: mwezi wa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa alikataza suti za Kaunda bungeni, akishikilia kanuni inayomtaka mbunge mwanamume awe na koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu.

Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka walimu wangu. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ndiyo waliyoivaa wengi wao. Fundi wa sokoni aliishona kwa cherehani ya miguu. Ilikuwa na mifuko minne ya kuwekea chaki, kalamu na leso, haikuhitaji tai, na ile ya mikono mifupi ilimfaa mwalimu adhuhuri ya Februari katika darasa lenye paa la mabati. Hakuna mwanafunzi aliyemdharau mwalimu kwa kukosa tai.

DENI LANGU

Sasa nilieleze deni langu. Mwaka wa 1994 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya kutwa ambayo sitaitaja. Asubuhi moja ya Julai nilikuwa mwalimu wa zamu. Wanafunzi walikuwa wamepanga mistari ya gwaride, nami nilipita katikati yao nikitazama kucha, nywele na sare. Sheria ya shule ilikuwa wazi: shati, sweta ya shule, suruali, soksi na viatu vyeusi. Nguo yoyote nyingine juu ya sare ilikuwa makosa.

Katika mstari wa kidato cha pili nilimkuta mvulana aliyevaa kabuti. Lilikuwa kuukuu, rangi ya kijani iliyofifia, lenye vifungo vya shaba viwili vilivyobaki kati ya sita. Lilimfika karibu na vifundo vya miguu. Wenzake walikuwa wakimcheka chinichini, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiunga nao kwa kumwuliza mbele ya watu wote kama alikuwa amejiandikisha jeshini. Kisha nikamwamuru alivue. Alilivua bila kusema neno. Ndani alikuwa na shati tu. Sweta ya shule hakuwa nayo. Aliyainua macho yake, hayakufika usoni pangu, yakaishia kifuani, palipokuwa na koti langu zito la sufu lenye rangi ya kahawia. Nililifungia kabuti lake ndani ya kabati la chumba cha walimu, nikaenda kunywa chai.

Siku ya pili hakuja shuleni. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne alikuja mzee mmoja akiwa na fimbo, amevaa shati na juu yake kipande cha blanketi kilichofungwa begani. Alikuwa ametembea kutoka upande wa chini wa soko, na midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi. Aliomba kuonana na mwalimu aliyekuwa na zamu siku ile.

"Muga, mwalimu," alinisalimu.

"Muga, mzee," nilimjibu.

"Sikuja kubishana na sheria ya shule," alisema. "Sheria ni sheria, na mtoto lazima aifuate. Nimekuja kuchukua koti langu."

Nililitoa kabatini. Alilipokea kwa mikono miwili, akalikung'uta vumbi, akalivaa. Alinieleza, bila kulalamika, kwamba alilipewa alipokuwa mlinzi wa usiku katika shamba la walowezi upande wa Timau, kabla ya Uhuru. Nyumbani mwao ndilo lililokuwa koti pekee. Mjukuu alilivaa asubuhi akienda shule, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na upepo mkali, naye mzee alikaa karibu na moto hadi jioni. Siku nilipolifungia, mjukuu alirudi nyumbani akitetemeka na usiku akashikwa na homa ya kifua.

"Akipata nafuu atarudi," mzee aliniambia. "Atakuja bila koti, kama mnavyotaka."

Mvulana alirudi baada ya majuma mawili. Nilimnunulia sweta, na yeye akanishukuru, jambo lililoniumiza kuliko kama angelinitukana. Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa umempita. Katika kikao cha walimu nilipendekeza sheria ile irekebishwe. Mwenzangu mmoja alisema kwamba tukiruhusu makoti, kesho wataleta kofia na keshokutwa miwani ya jua. Watu walicheka, na ajenda ikafungwa. Sikuendelea kulisemea. Hilo ndilo deni.

WENZETU WALIFANYAJE?

Nimefikiri mara nyingi kwamba kosa letu siku ile halikuwa kuwa na sare. Sare ina faida zake. Inamficha maskini asijulikane na inampunguzia tajiri majivuno. Kosa lilikuwa kuwa na sare isiyojua mwezi. Orodha za shule nyingi zingali hivyo. Mvulana huvaa tai na bleza Februari, jasho likimtiririka mpaka kwenye daftari, kisha Julai huonekana mkosaji akiongeza nguo. Orodha ile haikutungwa kwa kutazama anga la Meru. Ilirithiwa kutoka shule za Uingereza, ambako Julai ni wakati wa joto, nasi tukaipokea nzima nzima.

Wapo waliojifunza. Nchini Japani, wanafunzi katika sehemu nyingi hubadilisha sare mara mbili kwa mwaka: tarehe mosi Juni huvaa ya joto, na tarehe mosi Oktoba huvaa ya baridi. Nidhamu ya shule za Kijapani haijapungua kwa sababu hiyo. Mwaka wa 2005 serikali ya nchi hiyo iliwataka hata wafanyakazi wa ofisi waache tai na makoti katika miezi ya joto, ili mitambo ya kupoza hewa isishushwe chini ya nyuzi 28. Viongozi wenyewe walitangulia kujitokeza shingo wazi. Hawakuiita fujo, waliiita busara.

Karibu nasi zaidi, mtazame ndugu Mswahili anayeishi Muscat au mji mwingine wa Ghuba. Wakati wa joto kanzu yake ni nyeupe na nyepesi. Baridi ikija, huivaa kanzu iyo hiyo kwa kitambaa kizito zaidi, na mara nyingi kwa rangi iliyokoza. Mshono haubadiliki na heshima yake haipungui. Anachobadilisha ni kitambaa. Huko ndiko kuelewa msimu: vazi ni la mwenyewe, na hewa ndiyo inayomwambia alivae vipi.

USHAURI KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Kwa walimu wenzangu na halmashauri za shule nina maombi mawili mepesi. Kwanza, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti mwanafunzi aruhusiwe kuvaa koti au jaketi juu ya sare. Kama mnahofia fujo, chagueni rangi moja ya giza, nyeusi au buluu, ambayo haikosekani katika kibanda chochote cha mitumba. Lakini msimlazimishe mzazi anunue bleza ya duka moja. Pili, katika joto la Januari na Februari tai na bleza ziwe hiari. Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji fedha za serikali. Yanahitaji kikao kimoja tu na karani wa kuandika.

Kwa walimu vijana, kama yule niliyemkuta sokoni, nasema hivi. Mwanafunzi hukutazama kuliko unavyodhani. Ukiingia darasani ukitetemeka ndani ya suti ya kiangazi, umemfundisha kwamba kuonekana ni bora kuliko kuwa mzima. Na ukiinunua suti hiyo kwa mkopo wa simu, umemfundisha somo la pili lililo baya zaidi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa vijana wa kiume walio shuleni, sikatai kwamba mtu hupenda kupendeza. Nami nilipenda, na suruali yangu ya bugaluu niliipiga pasi kwa kuiweka chini ya godoro usiku kucha. Lakini jifunzeni kununua kwa akili. Mimi makoti yangu huyatafuta Februari, wakati hakuna anayeyataka na mwenye kibanda anatafuta nafasi, na mashati mepesi huyatafuta Julai. Litazame koti kwapani na kwenye ukosi, kwa kuwa hapo ndipo huchakaa kwanza. Liinue kwenye mwanga uone kama nondo wametoboa sufu. Ivute zipu mara tatu. Kumbuka kwamba sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu, ilhali pamba ikilowa hukukausha joto lote mwilini. Kwamba nguo mbili nyepesi zilizovaliwa pamoja huzuia hewa ya joto kati yake na mara nyingi hushinda moja nzito. Na kwamba fundi wa sokoni anaweza kulipunguza koti pana likakukaa vizuri kuliko la dukani. Ukosi ukiwa mpana kuliko wa mwaka huu, subiri. Utarudi.

Yule kijana wa suti ya samawati tulizungumza kwa muda siku ile. Mwenye kibanda alitutolea koti moja la sufu, la rangi ya kijivu, lenye ukosi uliopitwa na wakati. Kijana alilijaribu huku akitazama huku na huku kama mtu anayeogopa kuonekana. Alipofunga kifungo cha pili meno yaliacha kugongana. Alilinunua, nadhani kwa sababu ya adabu yake kwangu kuliko kwa kulipenda, akaondoka nalo mwilini, suti mpya akiwa ameiacha.

Nilimtazama akipanda barabara dhidi ya upepo, nikamkumbuka mzee mwingine aliyepita barabara iyo hiyo akiwa amevaa koti alilolidai kwa haki yake. Sikuwahi kumwomba msamaha. Alifariki kabla sijapata ujasiri. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi mnaoshika zamu leo. Julai ijayo, mkiwa kwenye gwaride, mkamwona mvulana amevaa koti lisilo kwenye orodha, kabla ya kuliandika jina lake, tazameni kwanza ninyi mmevaa nini.